James, Jimmy na Darasa la Mwaka wa Kwanza

Mwanafunzi anayeanza saikolojia chuo kikuu, awe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, hukaririshwa mwaka mmoja kabla ya mingine yote: 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani. Mwaka huo umestahili heshima yake. Hata hivyo, Leipzig ilikuwa mahali pa kufundishia watafiti. Kozi ya utangulizi tunayoijua, yenye kitabu kinene kinachokupitisha kwenye ubongo kwanza kabla ya kukufikisha kwenye nafsi, ilitengenezwa Marekani, na aliyeitengeneza alikuwa mwandishi mchelewaji kupindukia.

William James alipata shahada ya udaktari wa tiba Harvard mwaka 1869, lakini hakuwahi kufungua zahanati. Alianza kwa kufundisha fiziolojia, na mwaka 1875 akafundisha saikolojia kwa mara ya kwanza. Mwenyewe alipenda kusema kwamba mhadhara wa kwanza wa saikolojia kuusikia maishani ulikuwa ule alioutoa yeye. Hakuwa anatania sana: hapakuwa na mtu wa kumfundisha.

Mwaka 1878 mchapishaji Henry Holt wa New York alimtaka aandike kitabu cha kiada. James akaomba miaka miwili. Mwaka huohuo akaoa, na kazi hiyo akaianza fungateni, jambo ambalo mabibi harusi wengi wasingelivumilia. Miaka miwili ikapita, ikafuata mingine miwili, Holt akisubiri. Kitabu, The Principles of Psychology, kilitoka mwaka 1890 kikiwa na juzuu mbili na kurasa zinazokaribia 1,400. James alikuwa amekichoka kiasi kwamba alimwandikia Holt akikitukana mwenyewe.

Kurasa 1,400 humshinda mtoto wa mwaka wa kwanza, na bei ya juzuu mbili humshinda mzazi wake. Basi mwaka 1892 James akatoa toleo fupi kwa ajili ya madarasa, akipunguza mijadala ya kifalsafa na kuongeza sura kuhusu milango ya fahamu. Wanafunzi wakakiita kitabu kikubwa "James" na kidogo "Jimmy". Ni Jimmy aliyeingia madarasani na kusomwa na kizazi kizima.

Msomaji mmoja wa kile kikubwa anastahili kusimuliwa kwa kituo. Mary Whiton Calkins alikuwa mwalimu wa Kigiriki katika chuo cha wanawake cha Wellesley. Chuo kilitaka kuanzisha somo la saikolojia, kikamwahidi nafasi hiyo kwa sharti kwamba akasome kwanza mwaka mmoja. Harvard haikupokea wanawake. Baba yake na mkuu wa Wellesley wakamwombea, na mwaka 1890 akaruhusiwa kuingia darasani kwa James kama mgeni, bila kusajiliwa. Wanaume waliojiandikisha katika semina hiyo wakaacha mmoja mmoja. Wakabaki wawili, profesa na mgeni wake, kila mmoja upande wake wa moto katika maktaba, wakikijadili kitabu kilichokuwa ndiyo kwanza kimetoka mtamboni.

Mwaka uliofuata Calkins akaanzisha maabara Wellesley. Mwaka 1895 walimu wa Harvard walimtahini kama wanavyomtahini mtu wa uzamivu, wakaridhika naye kabisa. Uongozi wa chuo ukakataa kumpa shahada. Miaka saba baadaye akapewa nafasi ya kuipokea kupitia Radcliffe, chuo dada cha wanawake, naye akaikataa, kwa kuwa hakuwa amesoma huko. Wakati huo alikwishaandika kitabu chake cha utangulizi, kilichotoka 1901, na mwaka 1905 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Chama cha Saikolojia cha Marekani. Harvard haijampa shahada hiyo hadi leo.

Kozi ilipokua na kujaza kumbi, ilizaa matumizi mengine ambayo James hakuyapanga. Leipzig, watafiti walijipima wenyewe kwa zamu. Marekani palikuwa na mamia ya vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili, wako karibu, hawadai malipo, na wengi walitakiwa kushiriki katika majaribio ili wakamilishe kozi. Mwanafunzi akawa msomaji wa kitabu na papo hapo kielelezo cha binadamu anayeelezwa humo. Quinn McNemar wa Stanford alilalamika mwaka 1946 kwamba sayansi ya tabia za watu imekuwa sayansi ya tabia za wanafunzi wa mwaka wa pili. Hakusikilizwa sana. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipopekua majarida makuu ya Chama cha Saikolojia cha Marekani, alikuta asilimia 68 ya waliochunguzwa ni Wamarekani, na asilimia 96 wanatoka nchi za viwanda za Magharibi.

Hata hivyo, Afrika Mashariki imo ndani ya kitabu cha utangulizi, ingawa mara nyingi haitajwi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala kwa sababu mumewe alipata kazi katika taasisi ya utafiti iliyokuwa Makerere. Akaanza kutembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani, akiwa na mkalimani, akitazama mtoto anafanya nini mama akiinuka na kutoka. Baadaye akarudia uchunguzi huo Baltimore. Huko watoto walikwishazoea mama kutoka na kurudi, hawakushtuka nyumbani kama wale wa Buganda, ikambidi Ainsworth abuni chumba kigeni chuoni, chenye wanasesere na mtu asiyefahamika, ili mtoto apate sababu ya kumlilia mama. Vitabu vingi vya utangulizi huanza hadithi yake ndani ya chumba hicho, na mitihani nayo huuliza kuhusu chumba.