Nani Alituuza? Shaka na Ushahidi kutoka Alimbongo hadi Beni

Mapema Julai 2024 mahakama ya kijeshi ya Butembo ilipanda hadi Alimbongo, kijiji cha milimani wilayani Lubero, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ya taifa namba 2 inayotoka Butembo kuelekea Goma. Siku chache kabla, tarehe 28 Juni, Kanyabayonga ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi wa M23. Kesi ilisikilizwa na kukatwa kwa siku moja. Wanajeshi 25 walihukumiwa kifo kwa kumkimbia adui na makosa mengine. Wake wa baadhi yao, walioshtakiwa pamoja nao, waliachiwa huru. Machi mwaka huohuo Wizara ya Sheria ilikuwa imerudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo, uliokuwa umesitishwa kwa zaidi ya miaka 20, ikisema jeshi lisafishwe wasaliti. Desemba, Alimbongo yenyewe ikachukuliwa na M23.

Kwamba askari wa chini walikimbia, watu wa Lubero hawakuhitaji mahakama kuwaambia. Walitaka kujua habari za wakubwa. Nani alitoa amri ya kurudi nyuma? Nani alikuwa akiongea na upande wa pili usiku? Nani anakula mshahara wa Kinshasa na bahasha ya mji mkuu mwingine? Wageni wengi wanaopita Kivu Kaskazini husikia maswali hayo na kuyaita uzushi wa watu waliochoshwa na vita. Mimi naona wanakosea. Shaka hii ina umri sawa na uhuru wa Kongo, na mara nyingi mno imethibitishwa.

Julai 1960 Larry Devlin aliingia Léopoldville kuongoza kituo cha CIA. Tarehe 14 Septemba Kanali Joseph-Désiré Mobutu akatwaa madaraka, na muda si mrefu Victor Nendaka akakabidhiwa Sûreté, idara ya usalama wa taifa. Mobutu na Nendaka, pamoja na Justin Bomboko wa mambo ya nje na wenzao wachache, walijulikana kama Kundi la Binza, kwa jina la kitongoji walikoishi. Wafuasi wa waziri mkuu wa kwanza, Patrice Lumumba, walisema waziwazi kwamba kundi hilo linalishwa na Wamarekani. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilieleza jinsi sumu ilivyopelekwa Kongo ili Lumumba auawe. Sumu haikutumika, Lumumba alipigwa risasi Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ikakiri kwamba baadhi ya wajumbe wa serikali ya Ubelgiji na Wabelgiji wengine wanabeba dhamana ya kimaadili. Nyaraka za fedha ambazo CIA iliwapa wanasiasa wa Kongo, Mobutu akiwemo, zilichapishwa na serikali ya Marekani mwaka 2013. Bibi aliyekuwa msichana wa miaka 15 wakati wa uhuru alikuwa na miaka 68 karatasi hizo zilipotoka.

Mashariki nako kulikuwa na mambo yake. Mwaka 1964, wakati waasi wa Simba walipotawala sehemu kubwa ya mashariki, ndege za vita zilizowashambulia ziliendeshwa na Wakyuba waliokimbia nchi yao na kulipwa na CIA. Vijijini watu walizijua ndege hizo kwa mlio. Mlipaji alikuja kujulikana baadaye.

Mobutu alijenga utawala wake juu ya majasusi, na idara yao ikawa inabadilishwa jina: CND, AND, SNIP. Laurent-Désiré Kabila alipoingia madarakani mwaka 1997 ikaundwa ANR, ambayo hadi leo ina ofisi Beni na Butembo. Kipo kipengele kimoja cha sheria yake ya 2003 ambacho kinaeleza mengi: maofisa wake wenye mamlaka ya upelelezi wa jinai hawawezi kushtakiwa mpaka mkuu wa idara atoe ruhusa. Raia anayedai kwamba ofisa fulani anatumikia mabwana wawili hana mlango wa kubisha.

Lakini kwa Beni na Butembo, darasa kubwa lilikuwa lile la 1998 hadi 2003. RCD, kundi la waasi, ilizaliwa Goma Agosti 1998 kwa msaada wa Rwanda na Uganda, ikapasuka mwaka uliofuata. Kiongozi wake wa kwanza, Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyekuwa akifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihamia upande uliosimamiwa na Uganda. Mbusa Nyamwisi, mwana wa eneo hili, akachukua uongozi wa tawi hilo na kuifanya Beni makao yake makuu. Kulikuwa na mawaziri, mihuri na ushuru wa mpaka wa Kasindi. Na kulikuwa na jeshi la Uganda, UPDF, juu ya vyote hivyo.

Mwananchi angejuaje nani anatawala? Jibu lilitoka kwa njia ya barua. Tarehe 18 Juni 1999 Jenerali James Kazini, kamanda wa vikosi vya Uganda nchini Kongo, alimteua kwa maandishi Adèle Lotsove kuwa gavana wa muda wa eneo la Ituri, jirani wa kaskazini wa Beni. Jenerali wa nchi ya kigeni akiteua gavana wa Kongo! Barua hiyo ilifika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, ambayo tarehe 19 Desemba 2005 iliamua kwamba Uganda iliikalia Ituri na kuyasaidia makundi yenye silaha. Fidia ilipangwa Februari 2022: dola milioni 325. Kampala yenyewe ilikuwa imeunda tume chini ya Jaji David Porter, nayo ilimhoji Kazini na wakubwa wengine.

Tazama sasa ushahidi huu wote ulikotoka. Washington, Brussels, The Hague, Kampala. Kila mara nyaraka zilizothibitisha kile ambacho watu wa Kongo walikuwa wakinong'ona zilifunguliwa na mtu mwingine, katika mji mwingine, kwa sababu zake mwenyewe. Kinshasa haikufungua nyaraka zake. Ndiyo maana shaka haipoi: haipewi nafasi ya kuthibitishwa wala ya kukanushwa.

Na shaka isiyo na mahakama huua. Oktoba 2014 mauaji ya halaiki yalipoanza wilayani Beni, serikali iliwataja ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Watu walioona askari wamekaa kambini jirani na vijiji vinavyochinjwa hawakuridhika. Mwishoni mwa mwezi huo umati mjini Beni ulimpiga mawe mtu mmoja hadi kufa, kisha ukamchoma moto. Alikuwa kwenye basi. Abiria walimshuku kwa sababu alikuwa na panga na hakujua Kiswahili. Jina lake halikujulikana. Hasira iliyokusudiwa kwa wenye nyota mabegani ilimwangukia msafiri. Hilo lazima lisemwe na kila anayetetea haki ya watu wa Beni kushuku, nami ni mmoja wao.

Wenye nyota walitajwa baadaye, na tena mbali. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilimtuhumu Jenerali Muhindo Akili Mundos, aliyeongoza operesheni za jeshi Beni kuanzia 2014, kuwa aliwasaidia baadhi ya wauaji kwa fedha na vifaa. Watafiti wa Groupe d'étude sur le Congo, kwa upande wao, walieleza pia mitandao ya wapiganaji wa zamani wa RCD ya Mbusa. Februari 2018 Baraza la Usalama lilimwekea Mundos vikwazo. Vikwazo si hukumu. Hakuna hakimu aliyempa nafasi ya kujitetea hadharani, wala waliofiwa nafasi ya kumsikia akijibu.

Mara moja mlango ulifunguliwa kidogo, na ulifunguliwa Beni. Kanali Mamadou Ndala, aliyekuwa kipenzi cha watu kwa kuishinda M23 mwaka 2013, aliuawa tarehe 2 Januari 2014 katika shambulio la kuvizia huko Ngadi, karibu na uwanja wa ndege. ADF walitajwa upesi. Mtaani watu walisema ameuzwa na wenzake. Mahakama ya kijeshi ilikaa palepale mjini, mashahidi wakasikilizwa mbele ya wananchi, na Novemba 2014 Luteni Kanali Birocho Nzanzu akahukumiwa kifo kwa kushirikiana na ADF katika mauaji hayo. Mtaa ulikuwa umesema kweli, na safari hii hapakuwa na haja ya kungoja nyaraka za kigeni. Ila aliyehukumiwa alikuwa luteni kanali, si jenerali.