Taarifa ya magonjwa ya kuambukiza yanayopatikana kazini

Taarifa ya magonjwa ya kuambukiza yanayopatikana kazini ni wajibu wa kisheria unaomtaka mwajiri kuijulisha mamlaka ya serikali, kwa kawaida idara ya ukaguzi wa usalama na afya kazini, anapopata habari kwamba mfanyakazi wake ameugua kutokana na vimelea alivyokutana navyo katika kazi. Wajibu huu hauchanganywi na ule wa hospitali kuiarifu wizara ya afya juu ya magonjwa ya mlipuko. Hospitali huulizwa nani anaumwa na yuko wapi. Mwajiri huulizwa jambo zito zaidi: je, ni kazi yako iliyomwambukiza? Kwa kuwa anayeulizwa ndiye huyo huyo anayeweza kukaguliwa, kupigwa faini na kudaiwa fidia, sheria za nchi mbalimbali zimehangaika kwa zaidi ya karne moja kutafuta namna ya kupata jibu bila kumtegemea yeye peke yake.

Sufu ya Bradford

Chimbuko la wajibu huu liko Uingereza, katika mji wa viwanda wa Bradford, Yorkshire. Katikati ya karne ya 19 viwanda vya mji huo vilianza kuagiza malighafi kutoka mbali: manyoya ya alpaka kutoka Peru, moheri ya mbuzi kutoka Uturuki na, baadaye, sufu ya Uajemi. Robota lilipofunguliwa, kazi ya kwanza ilikuwa ya mchambuzi: kulivuta fungu kwa mikono, kulitikisa, kutenga nyuzi ndefu na fupi, laini na kavu, na kuondoa vipande vya ngozi na damu iliyogandia. Vumbi lilijaa chumbani. Mtu aliyekuwa mzima aliondoka kazini akilalamika kifua kubana, na baada ya siku chache alikuwa amekufa. Wenyewe waliuita ugonjwa wa wachambuzi wa sufu, na madaktari wengi waliandika kwenye vyeti kuwa ni nimonia.

Mwaka 1880 daktari wa hapo mjini, John Henry Bell, alionyesha kuwa ni kimeta, maradhi ambayo wafugaji wanayajua kwa mifugo inayokufa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani. Robert Koch alikuwa ameshaeleza mwaka 1876 jinsi bakteria wa kimeta anavyojigeuza kuwa mbegu kavu inayodumu miaka mingi nje ya mwili wa mnyama. Mbegu hizo ndizo zilizosafiri ndani ya marobota. Bell alifanya jambo lililokuwa na uzito kuliko hata ugunduzi wake: alikataa kukichukulia kifo cha mchambuzi kuwa kifo cha kawaida, akadai uchunguzi rasmi wa chanzo chake. Zikafuata kanuni za hiari, kama vile kufungulia marobota ya hatari juu ya wavu wenye feni inayovuta vumbi chini. Kanuni za hiari zilifuatwa na waliotaka kuzifuata.

Sheria ya Viwanda na Karakana ya mwaka 1895 ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilitaja maradhi manne ya kutolewa taarifa: sumu ya risasi, ya fosforasi na ya aseniki, pamoja na kimeta, ambacho ndicho pekee kilichokuwa cha kuambukiza. Ustadi wa sheria hiyo ulikuwa katika kuweka midomo miwili. Daktari aliyemtibu mgonjwa alipaswa kumwandikia Mkaguzi Mkuu wa Viwanda, akalipwa shilingi mbili na nusu kwa kila taarifa, au akatozwa faini akinyamaza. Mwajiri naye alipaswa kumwarifu mkaguzi wa eneo lake. Mmoja akificha, karatasi ya mwingine ingemuumbua. Sheria nyingi zilizokuja baadaye zimeuacha mdomo mmoja tu, na mara nyingi ni ule wenye sababu ya kufumba.

Mwaka 1898 Thomas Legge aliteuliwa kuwa mkaguzi wa kwanza wa kitabibu wa viwanda, na taarifa zikaanza kusomwa na mtu aliyejua maana yake. Ukipanga kesi za kimeta kwa aina ya sufu na mahali ilikotoka, unaona mara moja robota gani linaua. Wakati huo huo mtaalamu wa bakteria Frederick William Eurich alikuwa akipima sampuli huko Bradford kwa ajili ya bodi ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 1905, akabaini kuwa hatari kubwa imo katika sufu yenye madoa ya damu. Mwisho wa njia hiyo ulikuwa Sheria ya Kuzuia Kimeta ya 1919 na kituo cha serikali cha kusafisha sufu kwa formalini kilichofunguliwa Liverpool mwaka 1921. Sufu ikasafishwa bandarini kabla mchambuzi hajaigusa. Hakuna mfano bora kuliko huu wa taarifa iliyofanyiwa kazi badala ya kuwekwa kabatini.

Ajali au ugonjwa?

Fidia ilichukua mkondo wake wenyewe. Sheria ya fidia ya Uingereza ya 1897 ililipa walioumia kwa ajali, na waajiri wakashikilia kwamba kuugua si ajali. Katika kesi ya Brintons dhidi ya Turvey, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1905, mfanyakazi wa kiwanda cha mazulia huko Kidderminster alikuwa amekufa kwa kimeta baada ya kuchambua sufu. Majaji walikubali kwamba kimelea kilichomwingia jichoni kilimpata kwa ajali, kama ambavyo kipande cha chuma kingempata. Hoja hiyo ilisaidia familia, lakini ilikuwa nyembamba mno: ilihitaji tukio moja la wakati mmoja, na maambukizi mengi hayana saa wala dakika.

Mwaka uliofuata Bunge liliongeza orodha ya maradhi sita ya kulipiwa fidia. Kimeta kilikuwamo, na pia minyoo ya safura, iliyokuwa imegunduliwa miaka michache kabla kwa wachimbaji wa madini ya bati wa Dolcoath, Cornwall. Chini ya ardhi kulikuwa na joto na unyevu, hakukuwa na vyoo, na mabuu ya minyoo yalipenya ngozi za wachimbaji. Katika orodha ya aina hii mfanyakazi hahitaji kuthibitisha siku aliyoambukizwa: akiwa anafanya kazi iliyotajwa na akapata ugonjwa uliotajwa, sheria inachukulia kuwa ni kazi iliyomwambukiza hadi ithibitishwe vingine. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, dhana hiyo ya kisheria ni nusu ya thamani ya mfumo mzima.

Virusi vya korona na udhaifu wa kanuni

Kwa sasa Uingereza inatumia kanuni zijulikanazo kwa kifupi RIDDOR, zilizotungwa kwanza mwaka 1985 na kufanyiwa marekebisho 1995 na 2013. Toleo la 1995 lilikuwa na orodha ndefu: kimeta, homa ya mgunda, homa ya ini, kifua kikuu, pepopunda, kichaa cha mbwa na mengineyo. Toleo la 2013 liliiondoa, likaweka kauli moja pana: ugonjwa wowote unaohusishwa na kukabiliwa na vimelea kazini. Kwa juu inaonekana kama hatua mbele. Kwa vitendo, mzigo wa kuamua kama ugonjwa umetoka kazini ulimrudia mwajiri.

Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 2020, virusi vya korona vilipoenea. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ulisema taarifa itolewe pale tu penye ushahidi wa kuridhisha kwamba maambukizi yametoka kazini, na kwamba kufanya kazi na umma kwa jumla, tofauti na kuhudumia watu wanaojulikana kuwa wagonjwa, hakutoshi kuwa ushahidi. Dereva wa basi na mwuza duka wakajikuta nje. Mei 2021 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUC, lilieleza kuwa kati ya vifo 15,263 vya korona vya watu wa umri wa kufanya kazi katika mwaka mmoja, waajiri walikuwa wametoa taarifa ya vifo 387 tu. Si kila mmoja wa hao maelfu aliambukizwa kazini, lakini asilimia mbili na nusu ni kiwango ambacho hakuna mtu makini anayeweza kukitetea.

Marekani ilikwama kwenye saa. Kanuni za idara yake ya usalama kazini, OSHA, zinataka mwajiri aarifu ndani ya saa 24 mfanyakazi anapolazwa hospitalini, lakini ikiwa tu amelazwa ndani ya saa 24 tangu tukio la kazini. Kanuni hiyo inamfaa aliyekatwa mkono na mashine. Virusi vya korona huchukua siku kadhaa kabla hata ya kikohozi cha kwanza, hivyo karibu hakuna aliyelazwa ambaye angeingia katika kipimo hicho. Aprili 2020 idara ilitangaza pia kwamba waajiri wengi walio nje ya sekta ya afya hawatalazimishwa kuchunguza chanzo cha maambukizi. Mei 19 mwaka huo huo ikageuza msimamo.

Katikati ya miezi hiyo, kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Smithfield huko Sioux Falls, South Dakota, kilikumbwa na mlipuko ambapo OSHA ilihesabu wagonjwa wasiopungua 1,294 na vifo 4. Faini iliyopendekezwa, kwa kosa la kutowakinga wafanyakazi, ilikuwa dola 13,494. Wataalamu wa afya waliokitembelea kiwanda walikuta lugha takriban 40, Kiswahili kikiwa miongoni mwa zile kumi zinazozungumzwa zaidi. Wahamiaji kutoka Afrika Mashariki na Kongo walikuwa wamesimama bega kwa bega kwenye mstari wa kukatia nyama, na mfumo wa taarifa ulikuwa ukisubiri mtu wa ofisini aamue kama wameugua kazini au nyumbani.

Sindano

Sehemu ambako jambo hili limetatuliwa vizuri zaidi ni wodini. Muuguzi akichomwa na sindano iliyotumika, hali yake hupimwa siku hiyo hiyo. Kipimo hicho cha kwanza hakionyeshi kama ameambukizwa. Kinaonyesha kuwa kabla ya tukio alikuwa salama. Hupewa dawa kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI, ambazo zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na si baada ya saa 72, kisha hupimwa tena wiki na miezi inayofuata. Tukio huandikwa kwenye rejista: saa, wodi, aina ya sindano, ilikuwa ikitumika kwa nini, na je, sefti boksi ilikuwa imejaa. Endapo baadaye homa ya ini au virusi vya UKIMWI vitaonekana, hakuna mabishano kuhusu chanzo. Kinachoripotiwa hapa ni tukio la hatari, kabla ya ugonjwa wenyewe, na ndiyo sababu rejista ya sindano hupatikana hata mahali ambapo taarifa nyingine zote hazipo. Tatizo linalobaki ni muuguzi anayenyamaza kwa hofu ya kuonekana mzembe.

Ngazi ya kimataifa na Afrika Mashariki

Shirika la Kazi Duniani lilipokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1919, pendekezo lake la tatu lilihusu kimeta katika sufu. Itifaki yake ya mwaka 2002 inazitaka nchi zilizoiridhia kuweka utaratibu wa kuandika na kuarifu ajali na magonjwa ya kazini, na inamkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi aliyetoa taarifa. Juni 2025 mkutano wa shirika hilo ulipitisha Mkataba Na. 192, wa kwanza kuhusu hatari za kibayolojia mahali pa kazi.

Nchini Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inampa mwajiri siku saba kuarifu ajali, na fidia yake inagusa pia magonjwa ya kazini. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA wa huko, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliyounda mfuko wa WCF. Sheria hizi zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mwajiri anayejulikana. Mchinjaji anayelipwa kwa kichwa cha ng'ombe, anayeshika kondo la mnyama aliyetupa mimba kwa mikono mitupu na kupata homa ya brusela, mara nyingi hana mkataba wala jina kwenye orodha yoyote ya malipo. Akifika zahanati hupimwa malaria kwanza. Homa ya mgunda, iliyozuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022, nayo huwapata wenye kazi za majini, mashambani na machinjioni, na dalili zake za mwanzo hufanana na za malaria.

Kwa mfanyakazi wa namna hiyo hatua ya kwanza iko kwa daktari. Amweleze anafanya kazi gani, alishika nini na lini, na aombe maelezo hayo yaandikwe kwenye faili lake. Bila maandishi hayo hakuna mkaguzi wala mfuko utakaoweza kufuatilia.