Kuhifadhi

Huku Kabambare na Kasongo, mashariki mwa Kongo, mtu akikuachia kitu chake husema: "Unichungie." Programu za ofisi hutumia neno jingine, kuhifadhi. Limetoka katika Kiarabu, na hafidhi ni aliyeiweka Kurani yote kifuani. Waislamu wa Kasongo wanaujua uzito wake.

Uzito huo tusiupoteze kwenye kompyuta. Programu ya ofisi ya LibreOffice, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2016, ina dirisha la kufungua faili iliyo kwenye seva ya mbali na kuihifadhi hukohuko. Njia mojawapo ni WebDAV, kanuni za kuhariri faili kwenye seva kupitia wavuti, zilizotolewa mwaka 1999 na kurekebishwa 2007. Seva inaweza hata kuifunga hati unapoandika, ili mwenzako asifute kazi yako.

Lakini hati unayoiona kwenye kioo imo katika kompyuta yako. Ukibofya "hifadhi", ni lazima isafiri hadi kwenye seva, nayo seva ijibu kwamba imeipokea. Mtandao ukikatika njiani, hujahifadhi, umeomba tu.

Karani wa Kabambare anayeandika vyeti vya kuzaliwa kwa kutegemea intaneti ya simu na umeme wa jua aweke kwanza nakala kwenye diski yake, ndipo aipeleke kwenye seva. Na waandishi wa programu watofautishe kwa maneno: "inatumwa" wakati hati iko njiani, "imehifadhiwa" baada ya seva kujibu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinastahili ukweli huo.