Salamu Zisizoelewana

TLS, itifaki ya kuficha mawasiliano ya intaneti, ilitokana na SSL ya Netscape ya 1995. Toleo 1.0 la TLS lilitoka 1999, la 1.2 likafuata 2008, lakini seva nyingi hazikuhama. Mwaka 2020 Chrome na Firefox zikaanza kuyakataa matoleo ya zamani. Ndiyo maana kivinjari kipya kwenye saiba ya mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, hugoma kufungua tovuti kuukuu. Kulegeza ulinzi wa kivinjari ni tiba mbovu. Seva isasishwe, au iwekewe mbele seva ya kati inayoijua TLS mpya. Lakini kwanza saa ya kompyuta itazamwe: betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma na cheti halali cha tovuti huonekana hakijaanza kutumika.