Mkono wa Salim: Naipaul, Kisangani na Imani ya Wasomaji

Riwaya ya V. S. Naipaul iitwayo A Bend in the River ilichapishwa mwaka 1979. Mji unaosimuliwa humo haukutajwa jina, lakini wasomaji waliutambua kuwa ni Kisangani, ambako mwandishi alifika mwaka 1975. Msimulizi wake, Salim, ni Mwislamu wa asili ya Kihindi kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo riwaya hiyo, ingawa ni ya Kiingereza, inawagusa wanaochunguza historia ya Waswahili na safari zao za bara. Kwa miaka mingi ilisomwa kama ushahidi juu ya Zaire ya Mobutu. Makala haya yanachunguza jinsi imani katika shahidi huyo ilivyopungua kutokana na namna alivyowatazama wanawake, na iwapo jambo hilo liliwahi kufichika.

Wanawake wawili wanabeba uzito katika riwaya. Wa kwanza ni Zabeth, mchuuzi atokaye kijiji cha wavuvi, ambaye husafiri mtoni kwa mtumbwi kuja kununua bidhaa dukani kwa Salim. Msimulizi anamsifu kwa akili yake ya biashara. Hata hivyo, anamzungushia uchawi na harufu ya dawa yake ya kujikinga, na kadiri kisa kinavyoendelea, nafasi yake inachukuliwa na mwanawe, Ferdinand. Wa pili ni Yvette, mke wa msomi wa Kizungu, ambaye anakuwa hawara wa Salim. Siku uhusiano wao unapovunjika, Salim anampiga na kumtemea mate. Kisha msimulizi anaeleza maumivu ya mkono wake mwenyewe uliopiga. Baadaye Yvette anampigia simu, naye ndiye anayemjali aliyempiga. Maumivu yake mwenyewe hayapati msemaji.

Ukurasa huo haukumzuia mwandishi kupata heshima kubwa, hata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Imani ilitikisika hasa mwaka 2008, Patrick French alipochapisha wasifu wake, The World Is What It Is. Naipaul mwenyewe alikubali uandikwe, akahojiwa kwa kirefu, wala hakudai ubadilishwe. Humo ilielezwa jinsi mkewe wa kwanza, Patricia, aliyemsaidia kwa kusoma miswada yake, alivyoishi katika unyonge hadi kifo chake mwaka 1996. Aidha, Naipaul alisimulia jinsi alivyompiga hawara wake kwa siku mbili, hata uso wa mwanamke huyo ukaharibika asiweze kuonekana hadharani. Alitaja pia kwamba mkono wake mwenyewe uliuma, na akadai kwamba mwanamke hakuchukizwa. Mwanamke huyo alijibu kwa barua katika The New York Review of Books kwamba alichukizwa, tena sana.

Mwaka 2011 Naipaul alitamka mjini London kwamba hakuna mwandishi wa kike aliyelingana naye. Sababu aliyoitoa ni kwamba mwanamke si bwana kamili wa nyumba, na udogo wa mamlaka hayo huonekana katika maandishi yake. Hata Jane Austen hakunusurika.

Watetezi wake husema kwamba Salim si Naipaul, na kwamba kuonyesha ukatili si kuusifu. Hoja hii ni ya haki, na uhakiki hauwezi kuitupa. Lakini hoja hapa haihusu tendo la mhusika peke yake. Inahusu mpangilio wa usimulizi. Katika riwaya na katika mahojiano, mkono uliopiga ndio unaosemewa, naye aliyepigwa anafanywa aridhike. Wasifu haukuleta jambo jipya. Uliwafanya wasomaji warudi kwenye ukurasa uliokwisha kuwepo kwa miaka 29.

Kwa Kisangani, hasara ni kubwa zaidi. Katika mji huohuo, Janet MacGaffey, katika kitabu chake cha 1987, alionyesha wanawake wakiendesha biashara zao na kujikusanyia mali. Mwaka 1990 Benoît Verhaegen alisimamia kitabu kizima juu ya wanawake wa Kisangani na mapambano yao ya kuishi. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufunga mikataba. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa sharti hilo, ingawa mume aliendelea kutajwa kuwa mkuu wa nyumba. Hivyo, jambo alilolitaja Naipaul kama kasoro ya mwanamke lilikuwa pia kifungu cha sheria, kilichotungwa na watu na kuweza kubadilishwa na watu.

Naipaul alifariki mwaka 2018. Riwaya yake haina budi kuendelea kusomwa, kwa kuwa inaeleza hofu ya mgeni wa pwani katika mji wa mtoni kwa ufundi ambao ni wachache waliomfikia. Lakini isisomwe tena kama ushahidi uliotimia. Shahidi aliyemwona Zabeth akiwasili na mtumbwi wake, asimfuate hadi sokoni, aliacha nusu ya mji nje ya kitabu. Nusu hiyo inawasubiri watafiti, hasa wale wajuao lugha ambayo akina Zabeth walifanyia biashara.