Babu Alikuwa Kapteni

Mwezi uliopita, sebuleni kwa rafiki hapa Dar es Salaam, tulibishana mpaka saa sita usiku juu ya kitabu kipya cha nyongeza cha Dungeons & Dragons. Kilikuwa na vipawa vipya vya wahusika, na kila mmoja alitaka kipawa kilekile. Katikati ya karanga na kete za pande 20, mwenzetu akanitania: huko kwenu Mbinga, nani aliwahi kucheza kitu kama hiki?

Nilicheka. Nikiwa kwenye daladala ndipo nilipomkumbuka babu.

Babu alikuwa kapteni. Alikata mkonge Tanga, akarudi ziwani kuvua, na hakuwahi kuvaa sare ya jeshi. Lakini siku ya mganda alivaa kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, soksi hadi magotini, filimbi shingoni. Akipuliza, wanaume waliomzidi mali walisimama wima.

Mganda ni mtoto wa beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi. Vita Kuu ya Kwanza ikaibeba hadi bara pamoja na askari na wapagazi. Na vita yenyewe ilifika mapema kwetu. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliipiga mizinga Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyokuwa imevutwa nchi kavu kutengenezwa pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Nahodha Mjerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza, na aliyempiga alikuwa rafiki yake.

Vijana wa ziwani walichukua gwaride, wakaacha bunduki. Tarumbeta za shaba hazikuwepo, basi wakatoboa vibuyu na kubandika utando wa buibui ili vilie kama tarumbeta. Kisha wakagawana vyeo: kingi, kapteni, sajini, daktari. Jeshi la mkoloni halikumpa Mwafrika ukapteni. Kijiji kilimpa.

Wapo wanaosema huko kulikuwa kumuiga mzungu tu. Siafiki. Baada ya mgomo wa migodi ya Copperbelt mwaka 1935, tume ya serikali ilikaa kuwahoji watu kuhusu mbeni, kama ilivyoitwa huko. Serikali haihangaiki hivyo na kasuku.

Jambo linalonivutia zaidi ni jinsi wahusika walivyoongezwa. Mwaka 1951, huko Luanshya, J. Clyde Mitchell aliitazama kalela, ndugu wa mganda. Alimkuta daktari mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu, kazi yake kuwatia moyo wachezaji. Alimkuta pia nesi, mwanamke pekee kundini, akipita na kioo na leso ili kila mchezaji ajitazame na kujifuta jasho. Huyo ni mhusika kamili, ana kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza.

Gary Gygax na Dave Arneson nao walitoka kwenye michezo ya vita ya sanamu ndogo. Mchezo wao ulichapishwa mwaka 1974 katika mji wa Lake Geneva, nao uko kando ya ziwa. Mwaka uliofuata kikaja kitabu cha kwanza cha nyongeza, Greyhawk, kikaleta mwizi. Vipawa vilingoja toleo la tatu, mwaka 2000. Tofauti ni kwamba kitabu unakinunua. Cheo cha mganda sharti wenzako wakukubalie, nao wanakujua mpaka madeni yako.

Nilimpigia mama kuhakikisha. Shikamoo haijaisha akanisahihisha: "Kapteni baadaye. Alianza kwa kubeba ngoma, miaka mingi tu."

Jumamosi nilipeleka kadi niliyoiandika mwenyewe: Nesi. Ana kioo. Mara moja kwa kila pambano humwonyesha mwenzake aliyeanguka uso wake, naye huinuka.

Msimamizi wetu aliisoma mara mbili. Akachukua kalamu, akafuta "mara moja", akaandika "mara mbili".