Wenzi wa Jukwaa Moja: Tafakari ya Mwezi wa Marehemu



Wapendwa katika Kristo, mwezi wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wetu wote. Juma lililopita, baada ya Misa ya makaburini, nilibaki kwa kitambo mbele ya kaburi la rafiki yangu. Tulisoma darasa moja hapa Kilosa, na siku moja tukajiunga na kwaya ya vijana: yeye akashika gitaa la besi, mimi la solo. Baadaye mimi nilikwenda seminari, naye akabaki na gitaa lake. Lakini kila nilipokuja likizo tulikaa pamoja kwenye benchi lile lile na kupiga. Siku ya mazishi yake niliweza kuhubiri. Wimbo wa kutolea vipaji ulipoanza bila besi yake, sauti ilinikauka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mpiga muziki amkumbukeje mwenzake aliyetangulia? Mkoa wetu wa Morogoro una historia inayoweza kutufundisha.

Wazee wetu wanalikumbuka jina la Salum Abdallah. Alizaliwa mwaka 1928, na mwaka 1948 alianzisha mjini Morogoro bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo baadaye ikajulikana kama Cuban Marimba. Santuri za muziki wa Kuba zilikuwa zimeenea Afrika Mashariki, na vijana wa Morogoro waliyachukua mapigo yale wakayatilia maneno ya Kiswahili. Mji huo huo ulikuwa na Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, na ushindani wa bendi hizo mbili uliufanya mji mdogo chini ya milima ya Uluguru kuwa na sifa kubwa katika muziki wa dansi.

Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Hakuwa amefikia miaka arobaini. Uongozi wa Cuban Marimba ukashikwa na mwenzake, Juma Kilaza, na bendi ikaendelea kupiga. Ni rahisi kuliandika jambo hilo kwa sentensi moja, lakini tufikiri lilimaanisha nini. Ilibidi wanamuziki wale wapande jukwaani na kusimama kando ya mahali alipokuwa akisimama mwenzao. Ilibidi nyimbo alizozitunga yeye ziimbwe na koo nyingine, mbele ya watu walioizoea sauti yake. Anayerithi nafasi ya rafiki hupimwa kila siku kwa kipimo cha marehemu. Hata hivyo, kunyamaza kungekuwa kumzika mara ya pili.

Mwaka huo huo wa 1965 ndipo kijana Mbaraka Mwinshehe alipojiunga na Morogoro Jazz. Gitaa lake la solo lilimpa sifa ndani na nje ya nchi. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani, kwenye maonyesho ya kimataifa ya Osaka. Mwaka 1973 alianzisha bendi yake, Super Volcano. Tarehe 12 Januari 1979 naye alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Mimi ninayeandika haya nimekwisha kuwapita kwa umri wote wawili, na jambo hilo hunifanya niinamishe kichwa.

Kisha kuna kilio kilichotokea jirani yetu kabisa. Usiku wa tarehe 21 Machi 2011, kipindi cha Kwaresima, kundi la Five Stars Modern Taarab lilikuwa likirudi Dar es Salaam kutoka maonyesho ya mkoani Mbeya. Katika eneo la Mikumi, basi lao dogo lilipata ajali iliyohusisha lori. Watu 13 wa kundi hilo walifariki dunia, akiwemo mwimbaji Issa Kijoti. Hapa hakukuwa na kiti kimoja tu kilichobaki wazi jukwaani. Waliopona walipoteza kwa usiku mmoja wenzi waliokula nao, waliofanya nao mazoezi na kusafiri nao. Kila nipitapo barabara ile nawaombea.

Huenda mmoja wenu akauliza: Padre, wengi wa hao si walikuwa Waislamu? Naam, ni ndugu zetu. Tarehe 28 Oktoba 1965, majuma machache tu kabla ya kifo cha Salum Abdallah, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza tamko Nostra Aetate, ambamo Kanisa linasema wazi kwamba linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Hapa Kilosa tunazikana bila kuulizana dini. Huruma ya Mungu haina uzio.

Maandiko Matakatifu nayo yanamjua mpiga muziki aliyefiwa na rafiki. Daudi, hodari wa kinubi, aliposikia kwamba Yonathani ameuawa juu ya mlima Gilboa, alirarua mavazi yake, akalia na kufunga. Kisha akatunga ombolezo na kuagiza watu wa Yuda wafundishwe. Tuyatafakari hayo mawili pamoja: hakuyazuia machozi, wala hakuishia kwenye machozi. Uchungu wake aliugeuza kuwa wimbo ambao wengine wangeweza kujifunza. Na miaka mingi baadaye, alipokwisha kuwa mfalme, alimtafuta Mefiboshethi, mwana wa Yonathani aliyekuwa kilema wa miguu, akamketisha mezani pake. Ombolezo lilizaa tendo.

Mtakatifu Augustino naye anasimulia katika Maungamo jinsi alivyofiwa na rafiki wa ujana wake huko Tagaste. Kila mahali palimkumbusha marehemu, hata akauhama mji na kwenda Karthago. Simlaumu. Mimi pia kwa miezi kadhaa nililiacha gitaa langu ukutani, nikijidai kwamba nina shughuli nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuisikia nafasi ile tupu chini ya sauti yangu.

Jumapili iliyopita, baada ya kutoka makaburini, nililishusha. Mtoto wa kiume wa marehemu, aliye kidato cha pili, ndiye anayejifunza besi kwaya kwetu sasa. Hapigi kama baba yake, na sikumwambia apige kama baba yake. Alikosea mara mbili, tukaanza upya.

Wapendwa, Yuda Makabayo alikusanya fedha ili sadaka itolewe kwa ajili ya wenzake walioanguka vitani, kwa kuwa aliamini ufufuko. Sisi nasi tufanye vivyo hivyo. Juma hili kila mmoja wetu amwombee rafiki mmoja aliyetangulia, kwa jina lake. Kisha amtembelee mtu mmoja aliyeachwa naye: mjane, yatima au mzazi mzee. Na ninyi madereva wa njia ya Mikumi, nawasihi, pungeni mwendo usiku. Ndani ya kila gari kuna mtu anayesubiriwa nyumbani.

Mungu awapokee marehemu wetu katika mwanga wake, nasi atujalie kuuendeleza wimbo waliotuachia.

Padre wenu.